Mwembe na Muhindi Wakati wa Jua Kali

1. Ulizo la Yosefu

Watoto, mwajua kwamba katika pande za Katanga mvua hunyesha tangu mwezi wa 10 hata mwezi wa 4. Kisha mbingu hufungwa. Mwezi wa 5 hata mwezi wa 9 ni kiangazi. Nyasi hukauka, vumbi hujaa njiani, moto huunguza pori, na vijito vidogo huacha kutiririka.

Siku moja ya mwezi wa 6, watoto wa darasa la 5 walikuwa wamekaa chini ya mwembe mkubwa karibu na shule. Mwalimu alikuwa amewatoa nje ili wajifunze habari za mimea. Akawaambia:

– Tazameni juu. Mwaona nini?

– Twaona maua, Mwalimu.

Ni kweli. Ncha za matawi zilikuwa zimejaa mashada ya maua madogo, na nzi na nyuki walikuwa wakivuma ndani yake. Ndipo Yosefu akainua mkono, akasema:

– Mwalimu, tangu mwezi wa 4 hatujaona hata tone moja la mvua. Mwembe huu wapata wapi maji ya kutoa maua? Mihindi ya mama yangu ilikosa mvua juma 2 tu, mwanzo wa mwezi wa 2, ikaharibika. Magunzi yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Kwa nini mwembe huvumilia miezi, na muhindi hauwezi kuvumilia siku 15?

Watoto walicheka waliposikia habari ya kinywa cha mzee. Lakini Yosefu hakucheka. Agnesi naye, aliyekaa nyuma yake, hakucheka, akainamisha kichwa.

Kwa nini? Mama yake Yosefu ni mjane. Shamba lake linapakana na shamba la mama yake Agnesi. Mwaka ule mahindi ya mama yake Agnesi yalijaa punje, na mahindi ya mjane yalikuwa na mapengo. Watu wakaanza kunong'ona: "Udongo ni mmoja, mvua ni moja. Kama huyu amepata na huyu amekosa, si bure. Mmoja amevuta punje za mwenzake kwa dawa." Mjane alisikia maneno hayo, akayaamini. Tangu siku ile mama hawa 2 hawakusalimiana tena, wala hawakuteka maji kisimani saa moja.

Mwalimu alijua habari hiyo, lakini hakuitaja mbele ya watoto. Akasema tu:

– Yosefu, ulizo lako ni zuri sana. Haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Tutalifanyia kazi juma hili lote. Kwanza tujue maji hupita njia gani mpaka yafike kwenye ua na kwenye tunda.

2. Njia ya kwanza: ndani ya mti

Asubuhi iliyofuata mwalimu alileta gilasi ya maji, akatia ndani yake wino mwekundu. Kisha akakata ua jeupe lenye bua refu, akalisimamisha ndani ya gilasi, akaliweka dirishani. Watoto walipotoka katika masomo ya asubuhi walilitazama. Ua halikuwa jeupe tena. Mishipa myembamba myekundu ilikuwa imetokea katika majani yake.

Mwalimu akapasua lile bua kwa kisu. Ndani yake watoto waliona nyuzi nyekundu zilizokwenda kutoka chini hata juu. Akasema:

– Nyuzi hizi ni mirija. Ni midogo kuliko unywele. Katika mti mkubwa, mirija ya namna hii imo katika mti wenyewe, chini ya ganda. Maji hutoka udongoni, huingia katika mizizi, hupanda katika mirija hii, hufika kwenye majani na maua. Tuite njia hii njia ya ndani.

Agnesi akauliza:

– Mwalimu, maji hayapandi mlima peke yake. Nani huyavuta?

– Majani ndiyo yanayoyavuta. Njoni, mtaona.

Wakaenda kwenye mlimau wa bustani. Mwalimu akaingiza ncha ya tawi lenye majani katika chupa kavu ya kioo, akaziba mdomo wa chupa kwa kitambaa, akaacha chupa juani. Baada ya saa moja ukungu ulikuwa umefunika kioo kwa ndani. Baadaye matone yakaanza kuteremka.

– Jani lina vinywa vidogo sana, akasema mwalimu. Macho yetu hayavioni. Katika vinywa hivi mvuke wa maji hutoka, na hewa huingia. Maji yakitoka katika jani, maji mengine hupanda kushika nafasi yake. Ni kama mtoto anayenyonya maji kwa mrija: akivuta juu, maji ya chini yanafuata. Jua likiwa kali, jani huvuta kwa nguvu zaidi.

Kisha akawaeleza habari ya Stephen Hales, mhudumu wa Kanisa la Uingereza, aliyependa sana kupima mambo ya mimea. Huyu alipanda alizeti katika chungu, akafunika udongo wa chungu ili maji yasipotee huko, akapima uzito wa chungu asubuhi na jioni. Akaona kwamba alizeti moja tu ilitoa maji zaidi ya nusu kilo kwa siku moja. Aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1727.

– Basi, akasema mwalimu, mnaona kwamba maji mengi yanayopanda katika mmea hayabaki ndani yake. Hupita tu, yakatoka katika majani. Ni maji machache sana yanayobaki kukuza mmea.

3. Njia ya pili: katika ganda

Siku ya tatu mwalimu alisema:

– Jana mlijifunza njia ya ndani. Leo mjue kwamba mmea una njia nyingine, nayo ni ya pili. Njia hii imo katika ganda la mti, upande wa ndani. Jani hupika chakula. Kwa hewa, maji na nuru ya jua, hufanya sukari. Sukari hii hutoka katika jani, huenda kulisha mizizi, maua na matunda. Haipiti katika njia ya ndani, hupita katika ganda.

Zaidi ya miaka 300 iliyopita, tabibu mmoja wa Italia, jina lake Marcello Malpighi, alikata pete ya ganda kuzunguka mti. Hakuugusa mti wenyewe. Kwa siku nyingi majani hayakukauka, maana maji yaliendelea kupanda kwa njia ya ndani. Lakini ganda lililo juu ya pete lilivimba. Chakula kilichokuwa kikiteremka kilikuta njia imekatwa, kikalundikana pale pale. Lakini ninyi msifanye hivyo kwa mwembe wa shule! Mti uliozungukwa na pete namna hiyo mwishowe hufa, kwa sababu mizizi yake hufa njaa.

Sasa mwalimu alichukua kiazi kitamu kibichi, akakikata vipande 2, akachimba shimo dogo katika kila kipande. Katika shimo la kwanza hakutia kitu. Katika shimo la pili alitia kijiko cha sukari kavu. Akaviacha mezani, watoto wakafanya hesabu. Hesabu ilipokwisha walikuja kutazama. Shimo lisilo na sukari lilikuwa karibu kavu. Shimo la sukari lilikuwa na maji matamu.

– Nani ametia maji humu? akauliza mwalimu.

– Hakuna mtu, Mwalimu. Maji yametoka katika kiazi.

– Vema. Sukari huyaita maji. Penye sukari nyingi, maji huja. Shikeni neno hili, maana ndilo ufunguo wa tunda. Jani linapotia sukari katika njia ya ganda, maji yaliyo karibu, katika njia ya ndani, huvutwa kuingia humo. Njia ya ganda hujaa, nayo husukuma maji matamu mpaka kwenye tunda. Kwa hiyo tunda halipati sukari peke yake. Kila sukari inayokuja huja na maji yake.

Yosefu akauliza:

– Tunda haliwezi kuvuta maji kwa njia ya ndani, kama jani?

– Kidogo tu. Shika embe au nyanya mkononi. Ngozi yake ni laini, yang'aa kama iliyopakwa nta. Vinywa vyake ni vichache au havipo kabisa. Kitu kisichotoa mvuke mwingi hakivuti kwa nguvu. Wenye elimu walipima nyanya inayokua. Waliona kwamba zaidi ya sehemu 8 katika 10 za maji yake huingia kwa njia ya ganda, pamoja na sukari. Ua changa, lenye majani mepesi, hupata maji kwa njia ya ndani, kama mlivyoona kwa wino. Lakini tunda linapokua, hutegemea zaidi na zaidi njia ya ganda.

4. Jani hunyang'anya, jani hulisha

– Basi, akasema mwalimu, ikiwa udongo umekauka na maji hayatoshi, nani hupata kwanza: jani au tunda?

Watoto wakabishana. Wengine walisema tunda, kwa kuwa ni mtoto wa mti, na mzazi hulisha mtoto kwanza. Wengine walisema jani. Mwalimu hakujibu. Alikata matawi 2 ya mlimau, kila moja na limau moja bichi, na malimau yote mawili yalikuwa na ukubwa sawa. Katika tawi la kwanza aliacha majani yote. Katika tawi la pili aliondoa majani yote. Akayaweka yote mawili mezani, pasipo maji.

Siku zikapita. Limau la tawi lisilo na majani lilikaa gumu. Limau la tawi lenye majani lilianza kulegea, na ngozi yake ikakunjamana mapema. Watoto walilibonyeza kwa vidole wakashangaa.

– Mmeona? Tawi lilipokosa maji ya mizizi, majani yaliyavuta maji ya tunda. Maji yalirudi nyuma kwa njia ya ndani, kutoka katika limau mpaka katika majani. Jambo hili hutokea hata juu ya mti wenyewe. Wakati wa jua kali, saa za mchana, limau hupungua kidogo, na usiku, majani yanapotulia, limau hujaa tena. Macho hayaoni tofauti hiyo, lakini vyombo vya kupimia huiona.

Mtoto mmoja akaruka juu:

– Basi, Mwalimu, jani ni mwizi! Wakati wa ukame tuyang'oe majani yote ili tunda lipate maji.

– Polepole, mwanangu. Nani hupika sukari?

Mtoto akanyamaza kidogo, akajibu:

– Ni jani.

– Na sukari ndiyo inayoleta maji kwenye tunda. Ukiyang'oa majani, umefukuza mwizi, lakini umefukuza mpishi pia. Tunda juu ya mti lisilo na majani ya kulilisha halikui. Jani hunyang'anya, na jani hulisha. Mmea una hekima yake: ukikosa maji, hufunga vinywa vya majani, hasa saa za jua kali. Kwa kufunga vinywa huokoa maji. Lakini hewa haiingii tena, na sukari hupungua. Mmea ukifunga vinywa siku nyingi, maua na matunda hukosa mambo mawili pamoja, maji na chakula. Ndipo mmea huangusha baadhi ya maua na matunda machanga ili uyaponye yaliyobaki.

5. Kwa nini mwembe huvumilia

Siku iliyofuata watoto walirudi chini ya mwembe. Mwalimu akasema:

– Yosefu, sasa unaweza kujibu sehemu ya kwanza ya ulizo lako. Maji ya mwembe hutoka wapi?

Yosefu akafikiri, akasema:

– Labda chini sana.

– Ndiyo. Juu udongo ni vumbi, lakini mvua ya miezi iliyopita imejificha chini. Mzizi mkuu wa mwembe waweza kushuka zaidi ya mita 5. Nyasi hazifiki huko. Tena, mwembe una majani magumu ambayo hayapotezi maji upesi. Tena, una akiba. Katika masika majani yake yalipika sukari nyingi, na mti uliweka chakula hicho katika shina, matawi na mizizi. Unapotoa maua wakati wa kiangazi, hula akiba yake. Sukari ya akiba huenda kwenye maua, nayo huita maji. Hata miti mingi ya pori letu hufanya hivyo: mwezi wa 9, kabla ya mvua ya kwanza, huvaa majani mapya, mengine mekundu kama moto.

Akaonyesha chini ya mti. Maua mengi yalikuwa yameanguka kama pumba.

– Lakini msifikiri kwamba mwembe hauna taabu. Shada moja lina mamia ya maua, na mara nyingi halibaki na maembe zaidi ya machache. Mwembe hauahidi maji kwa maua yote. Hulisha yale unayoweza. Mvua ikirudi mwezi wa 10, maembe yaliyobaki hupata maji tele, nayo huja kuiva.

6. Kwa nini muhindi hauvumilii

– Na muhindi? akauliza Yosefu.

– Muhindi ni mgeni wa miezi michache. Hauna shina la mti la kuweka akiba ya miaka. Mizizi yake mingi imo karibu na uso wa udongo. Majani yake ni mapana, hutoa mvuke mwingi. Lakini sababu kubwa ni saa yake. Nani ajua ndevu za muhindi ni nini?

Hakuna aliyejua. Mwalimu akachora ubaoni.

– Muhindi una maua ya namna mbili. Juu kabisa lipo shada la ua dume, lenye unga wa manjano. Katikati ya bua lipo gunzi changa, ndilo ua jike. Kila unywele wa ndevu umefungwa kwa punje moja. Nywele 500, punje 500. Unga wa juu ukianguka juu ya unywele, punje yake huanza kuishi. Unywele usioguswa na unga hautoi punje, mahali pake hubaki pengo.

Sasa sikilizeni vizuri. Unywele hurefuka kwa kujazwa maji. Siku njema hurefuka sentimeta 2 au 3 kwa siku, mpaka utokeze nje ya maganda. Mmea ukikosa maji, ua la juu hutoa unga wake karibu kwa siku zake, lakini nywele hukawia ndani ya maganda siku nyingi. Unga wa shada moja huanguka karibu juma moja tu. Nywele zikichelewa kutoka, hukuta unga umekwisha. Ni kama msafiri anayefika kituoni baada ya gari kuondoka. Hata punje zilizopata unga zaweza kufa katika siku hizo, kwa kuwa majani yamefunga vinywa na sukari haiji.

Mvua ikirudi baadaye, muhindi huwa mbichi tena, nawe wafurahi. Lakini saa yake imepita. Siku ya kuvuna utaona mapengo. Jua la juma 2, muhindi ukiwa mdogo, huuchelewesha tu. Jua la juma 2, wakati wa ndevu, huondoa chakula cha nyumba.

7. Mpaka wa mashamba mawili

Somo likaisha. Watoto wengine wakaenda kucheza, lakini Yosefu alibaki akihesabu kwa vidole. Kisha akamwendea Agnesi, akamwuliza:

– Mama yako alipanda mahindi lini?

– Katikati ya mwezi wa 11, baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mama yako je?

– Tulikuwa wagonjwa. Tulipanda mwanzo wa mwezi wa 12.

Wakaketi chini wakahesabu pamoja juu ya vumbi. Mwalimu alikuwa amesema kwamba mihindi ya namna hii hutoa ndevu karibu siku 65 baada ya kupandwa. Mihindi ya mama yake Agnesi ilitoa ndevu karibu tarehe 20 ya mwezi wa 1. Mvua ilikuwa ikinyesha bado. Mihindi ya mjane ilipaswa kutoa ndevu karibu tarehe 8 ya mwezi wa 2, katikati ya jua kali.

Agnesi akasema polepole:

– Basi si dawa.

– Si dawa, akajibu Yosefu. Ni juma 3.

Jioni ile Yosefu alimweleza mama yake yote: wino, limau, ndevu na hesabu ya siku. Mama yake alisikiliza akipepeta unga. Mwanzo alisema: "Mambo ya shule." Lakini Yosefu alileta gunzi moja la zamani lililokuwa limening'inizwa darini, akamwonyesha. Upande wa chini ulikuwa na punje, na upande wa juu ulikuwa mtupu. Akamwambia:

– Mama, nywele za chini hutoka kwanza, za juu hutoka mwisho. Hizi za chini zilipata unga, za juu zilichelewa. Mchawi angechagua hivi kwa nini?

Mama aligeuza lile gunzi mkononi mara nyingi, hakusema neno. Asubuhi aliamka mapema akaenda kisimani saa ambayo mama yake Agnesi hwenda. Walichosemezana hatukijui. Lakini Dominika iliyofuata waliketi kwenye benchi moja katika Misa.

8. Masika yaliyofuata

Mwaka uliofuata mama hawa 2 walipanda siku moja, mwezi wa 11, wakisaidiana kulima. Walipalilia mapema, kwa sababu magugu nayo hunywa. Walifunika udongo katikati ya mistari kwa nyasi kavu, ili jua lisinyonye unyevu.

Mwezi wa 1 ulipokaribia mwisho, mvua ilisimama. Siku 4, siku 7, siku 10. Majani ya mihindi yakaanza kujikunja kama sigara saa za mchana. Mashada ya juu yalikuwa yamekwisha kutokeza. Mama yake Yosefu alitaka kumwagia shamba lote maji kidogo kidogo, kila siku. Yosefu akasema:

– Hapana, mama. Maji kidogo ya juu hukaushwa na jua kabla ya kufika kwenye mizizi. Na ndoo zetu hazitoshi shamba lote. Tuchague mihindi 60 iliyo karibu na kisima. Tuinyweshe jioni, chini ya shina, maji ya kutosha, kila siku ya tatu, mpaka ndevu zitoke na kunyauka.

Wakafanya hivyo. Yosefu na Agnesi waliteka ndoo 10 kila zamu, wakanywesha mihindi 30 ya shamba hili na 30 ya shamba lile. Mabega yaliwauma. Siku ya 17 mvua ikarudi.

Wakati wa kuvuna, magunzi ya mihindi 60 yalikuwa mazito, yamejaa karibu hata nchani. Mingine ilikuwa na mapengo, katika mashamba yote mawili. Chakula hakikuwa tele mwaka ule. Lakini kilitosha kufika mpaka mihogo ivunwe, na mbegu nzuri zilipatikana za kupanda tena. Wala hakuna aliyemnyoshea mwenzake kidole.

Mungu ameweka sheria zake katika mti na katika jani. Sheria hizo hazifichwi. Mtu anayetazama kwa subira, akapima, akahesabu, huzijua. Asiyetaka kuzijua, mara nyingi huweka jirani yake mahali pa sababu.

Maulizo

1. Mmea una njia ngapi za maji? Kila njia iko wapi?
2. Kwa nini maji yalionekana katika shimo la kiazi lililotiwa sukari?
3. Tunda hupata maji yake mengi kwa njia gani? Kwa nini halivuti maji kama jani?
4. Kwa nini limau la tawi lenye majani lilikunjamana kwanza?
5. "Jani hunyang'anya, na jani hulisha." Eleza maneno haya.
6. Taja mambo 3 yanayousaidia mwembe kutoa maua wakati wa kiangazi.
7. Kwa nini gunzi la muhindi huwa na mapengo?
8. Watu walisema nini juu ya mama yake Agnesi? Yosefu na Agnesi walivumbuaje kwamba si kweli?

Kazi ya nyumbani

Waulize wazazi wako: mwaka huu walipanda mahindi tarehe gani? Ongeza siku 65. Andika tarehe ambayo ndevu zitatoka. Kisha tazama shambani kama hesabu yako ni kweli, na kama mvua ilinyesha siku zile.